Mikono Mikavu

Katika kiwanda cha vikombe vya kaure vya kushikilia nyaya za umeme mkubwa, hakuna aliyemfikia Bibi Mkavu kwa kuchovya vikombe kwenye maji ya kioo, yanayochomwa yakawa ile ngozi inayozuia mvua na chumvi. Jina alilipata kwa kufokea wenzake: “Mikono mikavu! Kioo hakishiki penye mafuta.”

Kisha akaajiriwa mke wa kaka yake, na ikatangazwa kwamba mwenye kikombe kitakachohimili umeme zaidi ndiye atakayekuwa msimamizi. Asubuhi ya kuchovya, wifi aliingia na mikono laini ya ujana, mafundi wote macho kwake. Kijicho kikampanda Bibi Mkavu. Akajipaka mafuta mpaka vidoleni ili naye alainike, kisha akachovya kikombe chake.

Siku ya majaribio, umeme ulipowashwa chini ya manyunyu ya maji ya chumvi, kikombe cha wifi kilitulia tuli. Cha Bibi Mkavu kikatoa cheche, pa! Kiliposhushwa, kilikuwa na alama za vidole vitatu zisizo na kioo.

“Nini hiki?” akauliza mkuu wa kiwanda.

Wifi akazifunika kwa kiganja. “Udongo tu huo, mkubwa. Wifi yangu hakosei.”

Bibi Mkavu alishukuru kwa mdomo. Moyoni alisema: hata kwa wema kanizidi!