Dumu Lililosuguliwa kwa Majivu

Nilipokuwa bibi afya wa kata moja upande wa Mpitimbi, nilifundisha kitu kimoja mpaka watoto wa shule wakakiimba: sugua chombo kwa majivu, suuza kwa maji ya moto, kisha nusa. Kikinuka, rudia. Kuhara kulikuwa kwingi, na somo lile lilisaidia. Nilijivunia.

Asubuhi moja ya masika, mganga wa zahanati alinipigia simu. Mtoto wa kike wa miaka minne ameletwa akitokwa na udenda, mboni zimebana kama tundu la sindano. Wamempakia kwenye gari kwenda hospitali mjini Songea.

"Ni dawa ya shambani hii," alisema. "Nyumbani wamebaki dada yake na mdogo wake. Wahi, kabla nao hawajala alichokula."

Nilifika nimejaa tope. Bibi yao alikuwa mlangoni. Mama alikuwa ameondoka na mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamefika?"

"Wako njiani. Leo amekunywa nini?"

"Togwa tu. Hata hawa ndiyo nawamiminia."

Dada mtu alikuwa ameshika kikombe, hajanywa bado. Nilikichukua mkononi mwake.

"Bibi, bibi afya ananyang'anya togwa!"

"Mwache anywe, si unaona alivyochoka!"

Walicheka. Sikuweza kucheka. Niliuliza togwa imetoka wapi, nikaoneshwa dumu la bluu lisilo na lebo. Mwana wa bibi, baba wa watoto hawa, alikuwa amemaliza dawa ya viwavi iliyokuwamo, akampa bibi dumu tupu.

"Nimelisugua mara nne," bibi alisema. "Kwa majivu, kama ulivyotufundisha. Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Halikunuka chochote.

Nilimweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe. Kijidudu ni kiumbe hai. Maji ya moto hukiua. Sumu si kiumbe. Hujificha ndani ya plastiki, kisha hutoka kidogo kidogo ukiweka kitu kama togwa, kikakaa humo usiku kucha. Pua haiwezi kuijua. Dumu la dawa halina namna ya kuoshwa likafaa kwa chakula. Linatobolewa lisitumike tena, basi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mbona hukusema hivyo siku ile?"

Kabla sijajibu, simu iliita. Mtoto alikuwa amekufa kabla gari halijafika mjini.

Baada ya mazishi, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Nilijua maneno yaliyokuwa yakisemwa: kwamba kikongwe ni mchafu, kwamba mama wa mtoto hataki tena kula anachopika. Nilikuja na msumari na nyundo. Watu walileta madumu yao yaliyowahi kuwa na dawa, mengine bado yana maji ya kunywa. Tuliyamwaga, tukatoboa moja moja.

Kisha nikasema, "Bibi huyu hakukosea kuosha. Aliosha nilivyomfundisha. Somo langu ndilo lililokuwa na kasoro."

Bibi alisimama, akashika mkono wangu uliokuwa na nyundo.

"Sema tena," aliniambia. "Kwa sauti. Mkwe wangu amekaa kule nyuma."

Nikasema tena. Kule nyuma, mama wa mtoto alivuta kanga usoni. Bibi hakuniachia mkono. Nikasema mara ya tatu.