Zaina wa Safari ya London

Nawaambia mwenyewe kabla majirani wa Kilole hawajaongeza chumvi. Nimesoma hadi kidato cha nne, lakini siku ile akili zilinihama. Mume wangu Rajabu anafundisha elimu ya watu wazima. Katika daftari lake nilikuta ameandika: "London siku tatu, mimi na Zaina. Jumba la Malkia, saa kubwa, meli ya mtoni."

London kwa nauli ipi, na sisi sukari tunaipangia foleni? Na Zaina ni nani?

Nikambeba mtoto mgongoni mpaka darasani kwake Kwamndolwa.

"Zaina asimame nimwone!" nilifoka mlangoni. "Huna haya, kupanda meli na mume wa mtu?"

"Mama Asha, ni somo la jiografia!" Rajabu alisema. "Tunasafiri kwenye ramani, kila safari na mwanafunzi mmoja."

"Nyamaza! Asimame!"

Kutoka benchi la mbele akainuka mama mkwe wangu, ambaye miaka yote mitatu ya ndoa sijawahi kumtaja wala kumsikia akiitwa kwa jina.

"Zaina ni mimi, mwanangu," alisema, chaki mkononi. "Leo hata shikamoo hunipi?"