Koplo Asiyetupa Dadu

Mzungu aliyetuachia ule mchezo alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule niliyofundisha karibu na mji wa Kisii, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Muda wake ulipokwisha aligawa vitu vyake palepale katika chumba cha walimu. Mpishi alipata mwavuli, mlinzi akapata viatu vya mvua, na mimi na mwalimu wa hesabu tukarithi kijitabu kilichochakaa pamoja na kifuko cha dadu za ajabu, nyingine zenye pande nyingi hata hujui upande gani ndio wa juu. Alikuwa ameshatuchezesha jioni kadhaa. Kila mchezaji anajifanya mtu fulani, mmoja anakuwa mwongozaji, yeye anasimulia mnachokiona nanyi mnasema mnachofanya. Penye hatari, dadu huamua. Hakuna ubao wala mshindi. Ni watu wazima wamekaa mezani wakidanganyana kwa makubaliano.

Kazi hiyo niliipenda kupita kiasi. Mimi ni mtu wa domo, na sijawahi kuficha.

Shida ni kwamba kijitabu kilikuwa cha mapanga na ngome za Ulaya, na sisi tulitaka vita vyetu. Tulitaka Burma. Baba yangu alipigana Burma, na tangu utotoni nilitembea na sifa hiyo kama mtoto mwenye shati jipya. Yeye mwenyewe hakuwa akisimulia chochote. Nilisimulia mimi kwa niaba yake: jinsi alivyovuka mito usiku, jinsi risasi zilivyompisha. Wenzangu wa shule walimjua baba yangu kama shujaa na hakuna hata mmoja aliyelisikia neno hilo kutoka kinywani mwake.

Kwa hiyo tukaanza kubuni safari ndefu ya askari wetu katika msitu wa Burma, yenye vita mchana na mambo ya giza nyuma yake: mizimu ya mtoni, dawa za kuzuia risasi, uchawi unaomfuata mtu kutoka nyumbani hadi ng'ambo ya bahari. Mchezaji wa tatu alikuwa rafiki yangu wa mjini, Mwislamu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Tulikutana Jumapili mchana. Jumamosi ilikuwa Sabato yangu, Jumapili asubuhi mwalimu wa hesabu alikuwa misani, na fundi alisema yeye peke yake ndiye mwenye dini isiyosumbua ratiba ya watu. Tulicheza kwa Kiswahili kwa sababu yake, maana Kigusii alikijua cha kuuzia tu.

Tulikaa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia, na nyumba yangu ilikuwa chini kidogo ya nyumba ya baba. Kwetu, mzazi wa kiume haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua inyeshe ya mawe, atasimama nje. Wala mke wa mwana hampi mkwe wake kikombe mkononi. Ni mambo ya heshima, na heshima yetu imetengenezwa kwa aibu: baba na mwana wana mengi yasiyosemwa wala kuonwa kati yao. Basi Jumapili hizo baba alileta kigoda chake, akakaa chini ya upenu wangu karibu na dirisha, akapukuchua mahindi. Mke wangu aliweka chai juu ya jiwe, akarudi ndani, ndipo baba aliponyoosha mkono kuichukua. Sisi tulibishana ndani. Niliamini hasikilizi. Au niliamini anasikiliza na anafurahi.

Ubishi ulikuwa mmoja tu: tutumie kanuni zipi?

Mwalimu wa hesabu alitaka za kijitabu, ila azirekebishe. Alichora majedwali ya bunduki, ya matope, ya malaria. Alitaka kila askari awe na alama za ujasiri, na kila hofu inapokuja atupe dadu kupima kama atasimama au atakimbia. Dawa ya risasi ingemwongezea alama mbili.

"Na hirizi?" fundi akauliza.

"Hirizi ni dawa. Mbili."

"Wee! Hirizi ina maneno ya Mungu ndani. Unaiweka fungu moja na mizizi ya mganga? Ondoa hilo jedwali lako kabla sijalikata kanzu."

Fundi alitaka dadu moja tu, ile ya ludo, na kanuni zinazoenea kiganjani. Uchawi, alisema, usipewe namba hata kidogo. Ukishaupa namba watu hawauogopi, wanaujumlisha. Hapo alisema kweli, na mwalimu wa hesabu alinuna mpaka chai ikapoa.

Mimi nilitaka dadu zitupwe chooni. Nilidai ni kwa sababu ya imani, kwamba kwa Wasabato dadu ni kamari, mama yangu akiziona ataita mchungaji. Nilidai pia kwamba mwongozaji mwenye akili haongozwi na kipande cha plastiki. Hayo yote yalikuwa maneno. Mhusika wangu mkuu alikuwa koplo mmoja kutoka Gusii, na kila mtu mezani alijua ni nani. Kwenye karatasi yake, mahali pa hofu, niliandika "hana". Nilikubali dadu kwa kila askari mwingine. Koplo wangu hangetupa.

"Haiwezekani," alisema mwalimu wa hesabu. "Mtu asiyetupa si mhusika, ni sanamu."

"Ni baba yake," fundi akasema. "Mwache na sanamu yake."

Tukakubaliana tuzijaribu kanuni zote tatu kwenye tukio lilelile, kisha tuchague. Mimi ndiye niliyelibuni tukio. Kikosi kinavuka mto, na kuna kitu kinawafuata kutoka nyuma. Nilihitaji mchawi wa kukituma kitu hicho, na sikutafuta mbali.

Kulikuwa na mwanamke mzee kule Kenyenya. Hakuwa ndugu yetu, wa damu wala wa ndoa. Lakini kila mwaka baada ya mavuno, baba alijaza debe la wimbi na kututuma sisi watoto wake tumpelekee. Tulishukia sokoni Kenyenya, tukateremka bondeni, tukapanda mteremko wa pili hadi kwake. Mzee huyo aliishi peke yake, na alitutazama usoni mmoja mmoja, kwa muda mrefu, bila kusema. Mtu anayepeleka chakula kila mwaka kwa asiye ndugu, bila kueleza, kwetu ana sababu moja tu: anamwogopa. Hakuna aliyetuambia. Tulijua tu, kama watoto wanavyojua mambo. Mwanamke yule alikuwa mchawi na baba alikuwa akinunua usalama wetu kwa wimbi. Kila mara mama yule alitupatia ndizi mbivu za kula njiani. Tulishukuru kwa adabu zote, na tukifika ule mteremko wa ng'ambo tulizitupa vichakani, tukafuta mikono kwa majani. Baba alipotuuliza kama tulikula kitu, tulisema ndiyo.

Basi nikamweka mchezoni. Sikumtaja jina, lakini niliitaja Kenyenya, nikataja nyumba iliyo peke yake ng'ambo ya bonde, na macho yake. Nilisema amekaa kwenye kigoda chake huku Gusii, akipika kitu chunguni, na kila anapokoroga, msituni Burma maji yanapanda. Nilisimulia vizuri. Mwalimu wa hesabu aliacha kuandika. Nikasema kikosi kizima kimeshikwa na hofu, kila mtu atupe dadu, isipokuwa koplo, ambaye anageuka peke yake kuukabili ule uchawi.

Mahindi yakaacha kupukuchuliwa nje.

"Wacha koplo naye atupe," sauti ikasema dirishani.

Ilikuwa sauti ya baba, na ilisema kwa Kiswahili. Kile Kiswahili cha jeshini, kifupi, ambacho nilikuwa sijawahi kumsikia akikitumia nyumbani. Tuliangaliana. Fundi, ambaye hana baba wa kumwonea haya katika boma lile, aliweka ile dadu ya ludo kwenye sahani ya bati, akatoka nayo. Nilisikia dadu ikigonga bati.

"Sita, Mzee," fundi akasema, akicheka kwa furaha. "Koplo amesimama!"

"Hapana. Huyo alikimbia."

Mwalimu wa hesabu, Mungu amsamehe, alidhani baba hajaelewa kanuni. Akaegemea dirishani akamweleza kwa heshima kwamba sita ndiyo namba kubwa kuliko zote, ukiipata unasimama.

"Nimesikia," baba akasema. "Mto ulikuwa vile anasema. Maji mpaka hapa. Nyuma yetu hakuna uchawi, ilikuwa watu wa kawaida na bunduki. Mwenzangu akapigwa risasi ya mguu, akaanguka, akaniita kwa lugha ya nyumbani. Mimi nilikimbia. Niliruka juu yake. Dawa ya risasi nilikuwa nayo mkononi, ameninunulia yeye." Kisha akaongeza, "Alikuwa kijana wa Kenyenya. Huyo mama wa chungu ndio mama yake."

Sijui watu hufanya nini na mikono yao wakati kama huo. Yangu ilikuwa mezani, na karatasi ya koplo ilikuwa katikati yake. Niliona aibu hata masikio yakaniwaka. Aibu ya kwanza, na ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko zote, ilikuwa kwamba wenzangu wamesikia. Kabla sijamwaza yule kijana mtoni, kabla sijamwaza mama yake, niliwaza kesho katika chumba cha walimu. Ndipo nyingine zikafuata, zikapanga foleni.

Nikaelewa pia kwa nini alisubiri ukuta uwe kati yetu. Uso kwa uso, kwa Kigusii, baba hawezi kumwambia mwanawe jambo kama lile, na mwana hawezi kulisikia. Lakini koplo ni wa mezani, Kiswahili ni cha wageni, na nyumba ile hawezi kuingia. Nilikuwa nimemjengea mlango bila kujua, kisha nikauwekea mchawi.

Baba aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Sasa kitabu yenu inasema nini? Huyo aliyekimbia, anafanywa nini?"

Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji. Swali lilikuwa langu. Nilipekua kijitabu kana kwamba jibu limo ndani, nikapita mapanga, nikapita mazimwi. Fundi bado alikuwa nje na sahani yake. Natamani ningesema lolote. Ningesema kwamba anaendelea na safari, kwamba wenzake wanamngoja ng'ambo. Nilitazama meza nikamwambia mwalimu wa hesabu, "Zamu yako."

Mahindi yakaanza tena kudondoka karaini.

Kanuni tulizichagua hatimaye. Tulichukua dadu moja ya fundi, tukachukua majedwali machache ya mwalimu wa hesabu, uchawi tukaunyima namba, na juu kabisa tukaandika kwamba hakuna asiyetupa. Tulicheza miezi mingi. Kenyenya hatukuitaja tena, na baba hakuleta tena kigoda chake dirishani. Tulipokutana njiani alinisalimu kama kawaida, nami nilimjibu nikiangalia viatu vyake, jambo ambalo kwetu lilionekana kuwa adabu njema.

Baada ya mavuno alijaza debe. Watoto wa kutumwa walikuwepo, wadogo zangu, lakini aliliweka mlangoni pangu bila neno, akaenda zake.

Nililipeleka peke yangu. Yule mama alikuwa amezeeka sana, amekaa kizingitini. Alinitazama usoni vilevile, muda mrefu, na safari hii nilijua anatafuta nini: mtoto wa yule aliyerudi amefikia umri gani, na wa mwanawe angekuwa na mfano wa nani.

"Wewe ndiye mkubwa," akasema kwa Kigusii. "Baba yako amekuambia?"

"Ameniambia, Magokoro," nikajibu, kama tunavyowaita bibi zetu.

"Mimi aliniambia siku aliyoshuka kwenye lori. Hakupita hata kwao kwanza. Alisimama pale, na sare yake, akasema, mama, mimi nilikimbia." Akatikisa kichwa. "Nilimfukuza. Alivyorudi tena nikamwambia, sitaki chako chochote. Ukizaa watoto uwe unawaleta niwaone. Wimbi ni yeye aliyeongeza, aliona haya kuwatuma mikono mitupu."

Akaingia ndani polepole, akishika ukuta. Nilibaki uani pake, na kwa mara ya kwanza nikageuka kutazama njia tuliyokuwa tukirudia. Bonde lote lilikuwa wazi. Ule mteremko wa ng'ambo ulikuwa mbele ya mlango wake hasa, kila kichaka kikionekana, na mtu na mzigo wake angeonekana vizuri.

Alirudi na ndizi mbivu kwenye ungo, akaziweka mbele yangu.

"Za leo kula hapahapa," akasema.