Komeo wa Maabara

Pale maabara walimwita Komeo, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kulinda kompyuta kumi na nne na seva iliyohifadhi majibu ya vipimo vya damu. Akikuta neno la siri limebandikwa kando ya kioo, alilichana hata kabla ya salamu. Akipita nyuma ya karani wa mapokezi, hakukosa kuuliza, "Hiyo barua pepe imetoka kwa nani?"

"Kwa mchumba wangu, dada. Naye nimkague virusi?"

Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, karani huyo alimwita kwa sauti isiyo na mzaha. Majina ya wagonjwa yalikuwa yakigeuka herufi zisizosomeka, moja baada ya jingine. Komeo alikimbilia chumba cha seva, akang'oa waya wa mtandao, kisha akapita meza kwa meza akichomoa nyaya. "Msiguse kitu! Mikono juu ya mapaja!"

Alikuwa amechelewa. Maandishi yakatokea kwenye vioo: lipeni, la sivyo mtayasahau mafaili yenu.

"Nakala tunazo?" mkuu wa maabara aliuliza.

"Tunazo mpaka Ijumaa, mzee. Kila Ijumaa nanakili kwenye diski, naifungia kabatini. Majibu ya Jumamosi na jana ndiyo yamekwenda."

Majibu ya watu sitini na mmoja. Mkuu alikataa kuwalipa wezi hata senti, lakini alitaka kujua nani aliwafungulia mlango. Macho yote yakamgeukia karani. Mtu akakumbusha habari za mchumba na barua zake, wala hakuna aliyecheka.

Komeo alijifungia na kumbukumbu za seva, zinazoonyesha nani aliingia na lini, akazisoma mstari kwa mstari. Wezi waliingia Jumapili jioni. Waliingia kwa jina lake yeye.

Akakumbuka. Jumapili mchana alikuwa kwa dada yake mshonaji. Daktari mmoja akamtumia ujumbe wa haraka akitaka majibu ya mgonjwa, naye akafungua mfumo wa kazini kwenye kompyuta ya dada, iliyojaa programu za kuokoteza mtandaoni, mahali pazuri pa kuibiwa neno la siri. Wafanyakazi wote aliwalazimisha kuthibitisha kwa simu kila wanapoingia. Kwake mwenyewe aliizima hatua hiyo mwezi uliopita, kwa sababu ilimsumbua.

Akafunga ukurasa. Akatoka, akanawa mikono, akarudi, akatoka tena kunawa. Jengo zima hakuna mwingine aliyejua kusoma kumbukumbu zile. Alitembea ukumbini huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka akasikia sauti ya mkuu nyuma ya mlango: "Andika maelezo yako, binti, kisha ukabidhi funguo."

Aliingia bila kubisha hodi.

"Mzee, mwache. Ni mimi."

Alieleza yote akiwa amesimama. Karani alimtazama, machozi yamemjaa, asijue ashukuru au akasirike. Mkuu aliiondoa karatasi ya maelezo mbele ya karani.

"Mganga hajigangi," akasema. "Barua ya onyo utaipata. Na kuanzia leo kuna mtu atakayekukagua wewe."

"Sawa, mzee. Ila hao sitini na mmoja niachie mimi niwapigie."

Alipiga simu siku tatu. Wengine walimtukana. Mama mmoja aliuliza, "Mnataka kumchoma tena mwanangu? Damu yake mmeipeleka wapi?"

"Damu tulishaipima na kuitupa, mama. Majibu ndiyo yamepotea, na kosa ni langu."

Mpaka Ijumaa adhuhuri hamsini na wanane walikuwa wamesharudi kutolewa damu upya. Wawili waliahidi kuja Jumatatu. Mmoja, fundi seremala wa makamo, hakupokea kabisa. Komeo alipiga mara ya tisa, ya kumi. Kisha akaandika anwani ya karakana yake kwenye kiganja, akachukua mkoba, akatoka kwenda kumtafuta kwa miguu.