Java Iliyopikwa Champlin

Harufu ya ukoko wa bukari, ndio ugali wa kwetu, ikinipata popote, hata hapa Roseville, huku ughaibuni ninapoishi sasa, huwa naiona wilaya moja ya kisiwa cha Java, nchini Indonesia, ambako sijawahi kutia mguu. Najua utacheka. Ngoja nikueleze, ila usinihimize, maana nimetoka kazini sasa hivi na miguu inaniwaka.

Tulikuwa tukiishi Champlin, mji mwingine wa hukuhuku, katika nyumba ya kupanga, hatuna hata miaka miwili tangu tutoke kambi ya wakimbizi. Mwalimu aligawia kila mtoto wilaya moja ya mbali, ajifunze milima yake, mito yake na mambo yaliyowapata watu wake, kisha aijenge kwa mikono na kuileta darasani Jumatatu. Mimi niliangukiwa na Java. Kiingereza changu kilikuwa bado kinachechemea, na mwalimu alikuwa amesema kazi hiyo ndiyo itakayoamua kama nitabaki darasa lile au nitarudishwa nyuma. Wenzangu walinunuliwa udongo wa rangi dukani. Kwetu alikuwapo baba, aliyefanya kazi ghalani usiku na kulala mchana, na mfuko wa unga.

"Udongo ya nini?" aliuliza. "Tutasonga bukari."

Mama alikuwa kazini akihudumia wazee. Angekuwapo asingekubali, kwani kwake chakula hakichezewi. Baba akasonga sufuria nzima, ngumu ya kuchosha mwiko, hata chini ikaungua, akaipakua kwenye sinia na kulowesha mikono. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini vidole havikusinzia. Milima ikainuka. Nikamsomea kitabuni kwamba Waholanzi waliwalazimisha watu wa huko kulima kahawa.

"Na siye kule Fizi, Babeleji balitulimisha pamba," akasema.

Fizi ndiko kwetu, mashariki mwa Kongo, na Babeleji ni Wabelgiji waliotutawala. Nikamjibu kwa Kiingereza changu hichohicho cha kuchechemea, kama ilivyokuwa desturi yetu watoto, kwamba kitabu kimesema kahawa.

"Kahawa, pamba, fimbo ni ileile, mutoto wangu."

Akaendelea. Kwa kidole gumba alichimba mto, akautaja jina, akanieleza ni nani aliyezama humo akivusha mbuzi wa mahari. Akachimba mwingine, akautaja nao. Akanionyesha bonde ambamo babu yake alijificha ili asilime hiyo pamba, na mteremko ambako watu walikimbilia vita vilipoingia. Mimi nilikuwa nasikiliza kama mtu anayengojea basi, nikitaka tu afike kwenye mambo ya Java. Mwisho akabonyeza kwa kiganja chote upande wa mashariki, akamimina maji. Lilikuwa Ziwa Tanganyika.

Nikamwambia pale hapana ziwa.

"Iko," akasema.

Nikamwekea ramani ya kitabuni mbele ya macho, huku machozi yakinilengalenga. Lazima ujue baba alikuwa mtu wa "mwacha asili ni mtumwa". Alikuwa akitutupia methali hiyo hata tulipotia tomato ya chupa kwenye samaki. Nilijua nitaipata tena siku ile. Badala yake aliitazama ramani kwa muda mrefu.

"Mwalimu atakata *points*?"

"Atakata."

Akainua sinia, akalimwaga ziwa kwenye sinki. Akachukua bukari iliyobaki sufuriani, akaliziba shimo, kisha akaiziba na mito, akaanza kuchimba upya kwa kufuata kitabu, akipiga miayo. Kilima kimoja kidogo tu cha Fizi hakukigusa.

"Andika pale jina yao yoyote," akasema. "Miye nitajua."

Kufikia Jumatatu bukari ilikuwa imekauka na kupasuka. Mwalimu akazisifu nyufa, akidhani nimeigiza mlima wa moto. Nikabaki darasani. Nilirudi nyumbani nikiruka kwa furaha, nikamkuta baba amelala, mama akanikataza kumwamsha.

Wakati ule nilifikiri amekosea somo na kusahihisha. Leo, nikiwa na watoto wanaonijibu mimi kama nilivyomjibu yeye, najua kwamba hakuna mwalimu hapa ambaye angemgawia mtoto yeyote Fizi, na baba alilijua hilo. Alikuwa amepata mchana mmoja tu wa kunifundisha kwetu, akauziba kwa mkono wake mwenyewe ili nisirudishwe nyuma. Inaniuma, tena sana.

Mwaka huu nilimwomba anitajie tena ile mito. Akautaja mmoja. Wa pili aliutafuta, uso umekunjamana, midomo ikijaribu herufi hii na ile.

"Ngoja," akasema. "Nimechoka tu. Itarudi."

Haujarudi, nami nimeacha kumuuliza, kwa sababu namwona anavyoumia. Mito ya Java naweza kukutajia yote, sasa hivi, bila kufungua kitabu.