Gauni la Kijani Ambalo Halikushonwa

Siku hiyo fundi cherehani alikuwa hakaliki. Alishona pindo, akalifumua, akalishona tena, likaenda upande. Mtoto wake alikuwa amelala fofofo mgongoni, lakini mama mtu hakuacha kumpigapiga kama anayembembeleza. Kumbe alikuwa anajibembeleza mwenyewe.

"Unaikanyaga hiyo cherehani kama unafukuzwa," alisema Babu Gundi, fundi viatu aliyegawana naye baraza.

"Saa kumi inakaribia, Babu."

Kila siku saa kumi ndipo binti wa duka la dawa alipotoka kazini. Na saa hiyo hiyo muuza makava ya simu aliiacha meza yake akamwandama, akimtupia maneno ambayo mtu hawezi kuyarudia mbele ya mamake. Wiki iliyopita fundi alishindwa kuvumilia. Ulimi wake mkali, kila mteja anaujua. Alisimama akampasha yule mwanamume mpaka soko zima likaangua kicheko, akarudi kitini kifua mbele.

Kesho yake mwanamume hakumfuata fundi. Alimvizia binti kwenye kona akambana mkono, alipize aibu ile. Binti hakumwambia mtu. Lakini alipita barazani amevaa mikono mirefu juani, kuukunja mkono hawezi, na fundi akaelewa. Tangu hapo usingizi ulimpaa. Kukaa kimya hawezi, na kupayuka kumeshamponza mtoto wa watu.

Saa kumi ikagonga. Binti akatokeza, mwanamume nyuma yake. Walipofika usawa wa baraza, mwanamume akaushika mkoba wa binti.

"Leo huniponyoki, mrembo."

Watu waliangalia simu zao. Fundi alihisi maneno yakimpanda kooni, akayameza. Akavuta futi ya kupimia shingoni, akashuka ngazi. Hakumtazama mwanamume hata kidogo.

"We mdogo wangu, unanikimbia? Gauni lako nimeshindwa kulikata. Njoo nikupime kiuno."

Binti akamkodolea macho. "Gauni gani?"

Mwanamume akacheka. "Hakujui huyu. Rudi kwenye sindano zako."

"La kijani," fundi alisema, macho kwa binti tu. "La kumsindikiza dada yako. Umeshasahau? Ukija kuvaa gunia siku ya harusi, usinitaje."

Binti akaitazama futi mkononi mwa fundi. Kisha akasema polepole, "Lile la kijani. Nilidhani ni kesho."

"Kesho na cherehani mbovu hii? Njoo."

Mwanamume hakuuachia mkoba. Hapo Babu Gundi akainuka na kiatu mkono mmoja, simu mkono mwingine, akaja kusimama karibu, si karibu sana.

"Kijana, una kava la simu kama hii yangu? Ya vibonyezo."

"Hayapo, mzee."

"Hebu iangalie vizuri kwanza."

Mwanamume akamtazama mzee, akatazama watu ambao sasa walikuwa wameinua vichwa. Akauachia mkoba, akasonya, akaenda zake. Babu akamfuata pole pole, bado anauliza habari za vibonyezo.

Barazani fundi alimpima binti kweli, toka bega hadi bega, maana yule mtu alikuwa anageuka nyuma. Futi iliteleza mara mbili.

"Nisamehe kwa yale ya wiki ile," fundi alimnong'oneza. "Nilijitafutia sifa, ukaumia wewe."

Binti akaukumbatia mkoba wake.

"Sasa nisiamue tena peke yangu. Unataka nini? Tukae kidogo? Nikusindikize? Twende kwa mwenyekiti wa soko?"

"Nataka kufika nyumbani."

"Basi twende."

Aliacha nguo ya mteja chini ya sindano, akaikaza kanga iliyombeba mtoto. Walizungukia njia ya shule yenye watu. Fundi aligeuka nyuma kila hatua kumi mpaka shingo ikamuuma.

Mlangoni kwao, binti alisimama na ufunguo mkononi.

"Dada, kesho twende kwa mwenyekiti. Lakini niseme mwenyewe."

"Na mimi je?"

"Wewe useme ulichokiona. Hicho tu."

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. "Hicho tu," akasema.