Ngata Kichwani kwa Mzee

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Kibaha, nimesindikiza goti langu. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani aliketi mama mmoja wa kijiji cha Msimbu, anaumwa shingo miaka mingi, pamoja na mumewe.

Daktari alieleza taratibu kwamba watapasua, wapitishe waya mwembamba kwenye uti wa mgongo, na betri ndogo chini ya ngozi, ili maumivu yapungue.

"Lakini siwafichi. Kidonda kinaweza kuingia wadudu. Damu ikivuja inaweza kubana mishipa ya fahamu, mtu akapooza, ingawa ni mara chache. Na waya unaweza kuhama, tukafungua tena."

"Unahamishwa na nini?" mzee akauliza.

"Kugeuka ghafla, kunyanyua vizito. Mama, ndoo kichwani ndiyo basi tena."

Mama akacheka kidogo. "Maji atachota nani, daktari?"

Daktari akawaambia wakafikirie kwanza, wasiharakishe.

Walipotoka, mzee alisokota kanga ya mkewe ikawa ngata, akajitwika furushi lao. Likaenda upande. Mama, shingo imekakamaa, akamwekea sawa kwa vidole viwili.

Sisi wanaume mzigo wetu ni wa begani, au wa baiskeli. Kichwani tumewaachia wao, halafu tunashangaa shingo zao zinauma kwa nini.

Getini mlinzi akaangua kicheko. "Mzee, hiyo si kazi ya mama?"

"Mama bado anafikiria upasuaji," mzee akajibu bila kugeuka, furushi lisianguke. "Mimi nimeshaamua."